Tamimu wa Gitaa Jeupe

Ndanu alikuwa jikoni akimimina chai aliposikia Phares, kule sebuleni, akisema kwamba uzi wa gitaa la Tamimu ulikatika katikati ya wimbo, na kwamba Tamimu alicheka tu akaumalizia wimbo kwa nyuzi zilizobaki. Akaacha kumimina. Uzi ule ulikatwa na mumewe, Mativo, asubuhi ile ile, wawili hao wakiwa hapo hapo jikoni wanachagua mchele na kucheka kama watoto. Mativo alikuwa hajamwambia mtu mwingine yeyote. Alikuwa ameuweka akiba ili autoe mwishoni.

Tena Tamimu mwenyewe hakuwahi kuzaliwa.

Kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kushiba, nyumba ya Mativo pale Makadara iligeuka baraza la wapenzi wa dansi. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja, na wenzao walikuwa wakizungumza siasa kwa kunong'ona. Hawa walizungumza shoo walizohudhuria, kwa sauti ya juu. Nani alipiga besi siku Nzaui Brothers walipokesha Machakos, nani alipanda juu ya meza akacheza peke yake, nani alipoteza kiatu akarudi nyumbani anachechemea. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Mativo alichonga vinyago, Irungu alikuwa na duka la sabuni na unga, Phares aliendesha lori la mkate. Lakini wakikaa kuzunguka santuri, hungedhani ni watu wenye watoto na kodi ya nyumba.

Ndanu alikuwa mkalimani kortini, na ni yeye, kwa mzaha, aliyewatungia sheria. Mtu akisimulia shoo, lazima apatikane mwingine wa kuishuhudia. Shahidi huinuka, huweka kiganja juu ya kifuniko cha santuri kama watu wanavyoshika Biblia kizimbani, na kusema neno moja tu: "Nilikuwepo." Hadithi isiyo na shahidi ilifutwa, na msimuliaji akawanunulia wenzake soda. Walicheka sana siku walipoianzisha sheria hiyo, nayo ikakaa.

Shida ilikuwa Phares. Phares alikuwepo kila mahali. Ungetaja Kitui, alikuwepo. Ungetaja Mombasa usiku huo huo, alikuwepo pia, tena mstari wa mbele. Kama kweli angehudhuria shoo zote alizoziapia, Nairobi nzima ingelala bila mkate. Ndipo Mativo akasema, "Leo namfunga mdomo," akamtunga mpiga gitaa ambaye hakuna bendi iliyopata kumwajiri, akampa jina la Tamimu, akampa gitaa jeupe, na shoo moja katika ukumbi uliokwisha kubomolewa. Na ili mtego ukae sawa, alihitaji shahidi wa kwanza anayeaminika. Ndanu akatoka jikoni akijifuta unga, akaweka kiganja juu ya santuri, akasema, "Nilikuwepo," akarudi jikoni akiuma kanga ili asicheke.

Sasa alisimama na birika lake na kicheko kimemkauka. Alipoingia sebuleni na sinia, Phares alikuwa bado ameweka kiganja juu ya kifuniko, na Irungu, Irungu yule asiyejua kusema uwongo hata kwa mteja, alikuwa ameinuka anasubiri zamu yake.

"Nilikuwepo," Irungu alisema. "Alivaa suti ya kahawia. Kucha ya dole gumba ilikuwa ndefu hivi."

Mativo alimtazama mkewe. Hakuwa akicheka.

"Jamani, basi," alisema. "Ilikuwa mchezo. Hakuna Tamimu. Nimemtunga mimi na huyu mama hapa, leo asubuhi."

"Umemtunga vipi?" Phares alikasirika kikweli. "Wewe, mimi nimemsalimia kwa mkono. Hapa. Vidole vigumu kama mbao."

"Phares, nakwambia—"

"Kwani unaona wivu, bwana?"

Ndanu aliweka sinia chini. Hapo ndipo aliposikia harufu. Katika nyumba ile hakuna aliyevuta sigara wala kunywa pombe, na dirisha lilikuwa wazi, lakini chumba kilinuka ukumbi uliojaa watu: jasho, moshi, bia iliyomwagika sakafuni, na juu yake marashi mazito ya kiume. Alifungua na mlango pia. Harufu haikutoka.

Jumapili iliyofuata Irungu alisimulia shoo ya kweli, ile ya Thika ambayo yeye na Mativo waliiendea pamoja wakalala stendi ya basi kwa kukosa gari la kurudi. Mativo aliisubiri kwa hamu maana ilikuwa hadithi yake pia. Irungu alifika pale stendi, akasema, "Tukajifunika koti moja, mimi na Tamimu."

"Mimi na wewe," Mativo akamrekebisha.

Irungu alimgeukia kwa upole, kama anavyowageukia wateja wasiojua bei. "Wewe? Wewe ulikuwa na nani, ndugu yangu?"

Na Phares akainuka, akashika santuri, akasema alikuwepo.

Usiku huo Mativo alijaribu kulifanya jambo hilo kuwa kichekesho, akashindwa. Siku chache baadaye alirudi mapema kutoka kazini. Kule karakana, alisema, gogo lake la mpingo alikuwa amepewa mtu mwingine, na kigoda chake kilikuwa kimekaliwa. Alipouliza, wenzake aliofanya nao kazi tangu ujana walimjibu kwa adabu kwamba hakuna nafasi ya kibarua leo, ajaribu Jumatatu.

"Waliniita mzee," alisema. "Mzee, kama mpita njia. Ndanu, Mutisya wa pale pale karakana, posa yake niliipeleka mimi mwenyewe. Ananiangalia anasema, pole, mzee."

Ndanu alimpa maji. Alijitia ukakamavu, maana mmoja wao ilibidi awe mkakamavu. Wakiwa bado wamekaa hivyo, binti yao Syombua alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni na mkoba wake, akamtazama baba yake kwa muda, kisha akasogea karibu na mama na kumnong'oneza sikioni:

"Mama, huyu mgeni atakula hapa?"

Mativo alisikia. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na Ndanu akamsikia analia kule kando ya bomba, kilio cha mwanamume asiyetaka kusikika. Ndanu alijichukia. Kila siku kortini aliwaapisha watu. Yeye ndiye aliyekifungulia kitu kile mlango kwa kiganja chenye unga.

Kitu kimoja tu kilimpa nguvu. Yeye bado alimkumbuka mumewe, na alimkumbuka tangu mwanzo. Mwaka wa sabini na nne, katika shoo ya Nzaui Brothers, stima ilipotea ghafla na watu wakaanza kusukumana gizani, na Ndanu, msichana aliyekuja kwa kutoroka, alikuwa karibu kukanyagwa mkono mmoja ulipomshika na kumvuta. Mkono wa joto, wenye kovu la patasi kiganjani. Ulimwongoza mpaka nje penye mwanga wa mwezi, na mwenye mkono akageuka, kijana mwembamba mwenye vumbi la mbao nyweleni, akasema, "Samahani, nimekushika bila ruhusa." Ndoa yao yote ilisimama juu ya sentensi hiyo.

Alikaa kitandani, mchana, pazia likiwa wazi, akafumba macho aipitie tena kumbukumbu ile kama mtu anavyokagua kufuli kabla ya kulala. Akaliona giza, akasikia kelele, akahisi kusukumwa, na mkono ukaja ukamshika, nao haukuwa wa joto, ulikuwa baridi, na ncha za vidole zilikuwa ngumu, na kucha ndefu ilimkwaruza kifundo cha mkono, na alitaka kujitoa lakini katika kumbukumbu mtu hawezi kujitoa, alilazimika kwenda pale alipokwenda siku ile, akipita katikati ya watu ambao sasa hawakuwa wakisukumana tena bali wamesimama kimya wakimpisha, mpaka mlangoni, mpaka nje, penye mwezi, na mbele yake mgongo wa suti ya kahawia na gitaa jeupe limening'inia, na yule mtu akaanza kugeuka polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayejua kwamba mwishowe utamtazama tu, na Ndanu akafumbua macho kwa nguvu zake zote kabla hajauona uso. Chumba kilinuka moshi na marashi. Upande wa pili wa ukuta, ambako hakuna mtu aliyekuwa na gitaa, uzi mmoja ulikuwa ukikazwa, unapigwa, unakazwa tena.

Alitoka mbio bila viatu.

Majengo ya Pumwani aliambiwa na jirani amtafute Bi Jawahir, mganga wa mapepo, na akamkuta uani kwake anakaanga vitumbua. Hakuwa na uso wa mtu wa miujiza. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, na alimsikiliza huku akiwahudumia wateja.

"Shikamoo, Bi Jawahir."

"Marahaba. Kaa. Usikae hapo, mafuta yataruka. Haya, sema."

Ndanu alisema yote. Alipofika kwenye santuri, Bi Jawahir aliacha kugeuza vitumbua, vikaungua.

"Mliapa?"

"Ilikuwa mzaha, Bi."

"Mzaha ni wenu. Kwake si mzaha." Alilishusha karai. "Penye ngoma na wao, wasioonekana, huja, mwanangu. Husimama pembeni, wanatazama, hawana jina la kuitwa wala mtu wa kuwashangilia. Ninyi mmemtungia jina, mkampa chombo, mkamvisha nguo, kisha mkamletea mashahidi. Sasa ana haki ya kukaa. Na hawezi kukaa mahali patupu, lazima amwondoe mtu. Amemchagua aliyemtunga."

"Mume wangu ataisha?"

"Wewe ukimsahau, ameisha."

Ndanu alishika ncha ya leso ya yule mama bila kujijua. "Nifanye nini? Niambie tu. Lolote."

Walikusanyika Alhamisi nyumbani kwa Mativo, jua likiwa bado juu. Kumpata Irungu haikuwa kazi. Phares alikuja akinung'unika kwamba yeye si Mwislamu na haogopi moshi. Mativo alikaa kwenye kona, na wageni wake wa miaka yote walimsalimu kama mtu waliyemkuta kwenye foleni. Bi Jawahir alifuta kifuniko cha santuri kwa marashi ya waridi, akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mmoja mmoja, alisema, watarudisha walichotoa. Kiganja pale pale, na neno lililopinduka.

Irungu aliweka kiganja. "Sikuwepo," alisema, na hapo hapo akaangua kilio bila kujua sababu.

Phares alikuja polepole. Aliweka kiganja, akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu mwenye adabu zake.

"Mbona mnanifukuza?" ilisema. "Mlinipenda."

Bi Jawahir hakuacha kusoma, alimpiga Phares begani kwa kitambaa chenye marashi, mara ya kwanza, mara ya pili, na Phares akakohoa, akatweta, akasema kwa sauti yake mwenyewe iliyojaa hofu, "Sikuwepo, jamani, sikuwepo! Hata Machakos sikuwepo! Sijawahi kwenda mahali popote, mimi hulala kwenye lori!" Wakati mwingine wowote wangecheka mpaka usiku.

Lakini harufu haikuondoka. Bi Jawahir alinusa hewa, akamgeukia Ndanu.

"Kwa hawa ametoka. Amejificha mahali pamoja tu, kwako, katika ule usiku wa stima kupotea. Ukiukana usiku huo, hana pa kukaa."

"Na mimi?"

"Na wewe hutakuwa nao tena. Sikufichi."

Ndanu alimtazama Mativo pale kwenye kona. Mativo alitikisa kichwa, usifanye, na machoni mwake kulikuwa na woga mkubwa kuliko wa siku zote zile. Ule usiku ulikuwa mali yao pekee isiyopimika. Ndanu alifikiri juu ya binti yao akinong'ona mlangoni, akafikiri juu ya kilio kule kando ya bomba, akaona kwamba kumbukumbu ni kitu kitamu lakini mume ni mtu, anakula, anaumwa, anahitaji kuitwa jina lake. Aliweka kiganja juu ya santuri. Kifuniko kilikuwa baridi, kana kwamba kulikuwa na kiganja kingine tayari chini ya chake.

"Sikuwepo," alisema.

Kitu kilikatika ukutani, kwa mlio mkali wa waya. Kisha ukimya. Hewa ilinuka ubani na waridi, basi. Na Irungu akainua uso wake uliolowa machozi, akatazama kona, akapaza sauti kwa furaha: "Mativo! Wewe mtu, ulikuwa umepotelea wapi?"

Syombua aliingia kutoka uani akamrukia baba yake shingoni. Ndanu alilia kwa sauti, hakuona aibu.

Yalirudi yote. Karakana walimrudishia Mativo gogo lake na kumtania kwa kutegea kazi. Santuri iliuzwa. Kuapa kulikatazwa, na Phares, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alianza kuuliza maswali badala ya kujibu. Ndanu naye alilitafuta lile giza la mwaka wa sabini na nne akakuta pametulia patupu, kama chumba kilichohamwa. Alijua ameolewa na alijua anapenda. Mwanzo wake tu ndio haukuwepo. Wakati mwingine, akifua, aliusikitikia kama mtu anavyomsikitikia ndugu aliyefia mbali.

Mativo ndiye aliyelitoa wazo, Jumapili moja, wenzao wakiwa wamekaa na chai zao na jua limejaa sebuleni.

"Leo nitamrudishia mke wangu kitu chake," alisema. "Usiku wetu. Mimi bado ninao. Hatuapi, nasimulia tu, na yeye aupokee kutoka kwangu."

Ndanu alikaa mbele yake, mikono mapajani, akiona haya kama mwali. Mativo alisimulia vizuri. Aliupiga wimbo kwa mdomo, aliizima stima, aliwasukuma watu, mpaka Irungu akashika kiti chake.

"Nikasikia msichana analia karibu yangu. Nikanyoosha mkono, nikaukamata wake. Nikavuta. Nikapenya nao mpaka mlangoni, mpaka nje, penye mwezi. Nikageuka nimwone." Tabasamu lake likabaki usoni bila kitu nyuma yake. Alikunja uso, akajaribu tena. "Nikageuka nimwone..."

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani.

"Ndanu," alisema taratibu, "ni wewe niliyekutoa mle, sivyo? Ulikuwa wewe?"

Wote wakamgeukia. Ndanu aliona jambo lote kwa mara moja. Alikuwa ameikana nafasi yake katika ule usiku, na Mativo hakuikana yake. Mumewe alikuwa bado amesimama pale nje, penye mwezi, ameshika mkono wa mtu. Akijibu ndiyo, atakuwa amelirudisha neno alilolitoa mbele ya ubani, na mlango ni ule ule. Akijibu hapana, Mativo atalazimika kuutazama uso wa aliye mbele yake. Alibana midomo mpaka ikamuuma. Atafikiri kwanza. Atakwenda Majengo. Hatasema neno lolote, si hili wala lile.

"Haya, umesikia?" Phares alipiga makofi, amefurahi. "Si mkeo mwenyewe amesema alikuwepo, tumesikia sote? Endelea, bwana, usituache nje na baridi!"

Irungu naye alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Mativo alishusha pumzi, uso wote ukamkunjuka, akatabasamu kwa mapenzi, akitazama kidogo kando ya bega la mkewe.

"Basi nikamwona," alisema.

Ndanu alikuwa hajafungua kinywa.